Gurudumu la Mama Mkwe

"Mwanaume mwenye cherehani tisa asiyeweza kupinda suruali yake mwenyewe ana kasoro kichwani." Hayo ni maneno ya shemeji yangu, kaka wa mke wangu, na naanza nayo, mpendwa mshauri, ili niyafute kwanza ndipo nikuombe msaada, kwa sababu mtunza saa za kale haulizwi kama anawahi kazini, na mimi ninayeweza kutazama namba iliyogongwa kwenye cherehani, umbo la shingo yake na nakshi zilizobaki nikakuambia ilitoka kiwandani miaka ipi, siwezi kuitwa punguani na muuza matairi kama yeye.

Sasa shida yenyewe. Mke wangu ni fundi nguo na anatumia cherehani ya miguu aliyoachiwa na marehemu mama yake, na siku moja nikiipangusa nikagundua kwamba gurudumu lake la juu ni la mashine ya aina nyingine kabisa, lenye mzingo mpana kupita kiasi, nikaona aibu kwa niaba ya mashine, nikalitoa, nikafunga linalostahili, nikakata mkanda ukae sawa, na lile pana nikampa mkusanyaji mwenzangu tukabadilishana kwa bamba la shaba, yote hayo mke wangu akiwa ameenda kununua vitambaa, maana nilitaka afurahi. Aliporudi akakanyaga pedali, mashine ikamkimbia, sindano ikakatikia kwenye gauni la mteja. Akauliza, "Baba watoto, umefanya nini?" Nikamjibu nimeirudishia asili yake. Kesho yake nikakuta amechomoa vikombe vya bobini, vile vidogo vya chuma vinavyoshika uzi wa chini, kila mashine na chake, kwenye cherehani zangu zote tisa, amevitia kwenye kopo moja na kulitikisa. "Wewe si mtambuzi? Tambua." Wiki ya pili hii nimepatia viwili tu, naye anasema mwisho wa mwezi anahamishia kazi yake kwa kaka yake. Nimbembeleze vipi anionyeshe kikombe kipi ni cha wapi?

Mtambuzi, mwenye cherehani tisa

*

Bwana Mtambuzi,

Pole kwa vikombe. Nimecheka, nikakasirika, nikacheka tena.

Umeirudishia asili yake, unasema. Asili ipi? Kiwandani mashine hiyo ilikaa siku chache tu. Chini ya mguu wa mama mkwe wako ilikaa miaka mingapi? Namba uliisoma, nakshi ukazisoma, lakini kwa nini mwanamke mwenye akili timamu alifunga gurudumu lile, hilo hukujiuliza. Nimemuuliza fundi anayeshona jirani na ofisi yetu. Hakuinua hata macho. "Goti," akasema. "Gurudumu pana linakwenda taratibu. Mwenye goti bovu hataki mashine ya mbio." Mkeo alijifunzia kazi kando ya goti hilo, na mguu wake umeushika mwendo uleule. Wewe umeubadilisha kwa kipande cha shaba, halafu unaniandikia kuhusu vikombe.

Shemeji yako kakosea, nakubali. Kukusanya si kasoro. Kasoro ni kukusanya hata cha mwenzako.

Basi leo hii chukua bamba lako, ulirudishe kwa mwenyewe, uje na gurudumu. Pitia dukani ununue mkanda mpya, mrefu, kwa kuwa ule umeshaukata. Ukifika nyumbani usifunge chochote. Weka gurudumu mezani, weka mkanda, mpe mkeo bisibisi, sema "nisamehe, mama watoto," kisha ushike taa tu. Najua utatamani kumweleza gurudumu hilo lilitengenezwa mwaka gani. Meza maneno.

Vikombe usimwulize. Kopo ni lako, kaa nalo. Ukivipatia vyote tisa nitakuita mtaalamu hadharani, ukurasa huuhuu.

Na wewe uliyepokea gurudumu hilo, najua unanisoma, kwa sababu nyinyi wakusanyaji hamkosi matangazo ya mashine kuukuu yaliyo chini ya safu hii: litoe hapo ulipolitundika, lipanguse, na huyu bwana akibisha hodi usimwulize ataongeza nini. Mpe.