Ukianguka, Kimbia

Mdogo wangu Baraka,

Fulana yako imefika. Nimeitandika mezani na kuikunjua mikono. Ni wewe kweli, umechorwa kwa wino mweusi: kofia imeanguka, miguu umeitanua, mkono mmoja juu, na mbele yako fahali ameinamisha pembe. Chini wameandika kwa Kiingereza kwamba huyu ndiye asiyekimbia. Sijaivaa. Nimeitundika kwenye kiti cha dirishani, na tangu Jumapili tunaangaliana.

Hapa Anderlecht, ughaibuni kwangu, mvua haikati. Chumba changu kina kila kitu isipokuwa mtu. Mpaka leo nikisonga fufu nasonga ya watu wawili, ile ya pili naila kesho yake ikiwa baridi. Siku nisiyokwenda kazini naweza kufikisha jioni bila kutoa sauti, halafu nikikohoa nashtuka mwenyewe. Sikulaumu. Najua uko njiani kila siku, mji huu leo, ule kesho, na nikipiga simu ni saa ya mashindano au umelala kwenye gari. Lakini vile vikopa vyekundu unavyonitumia kwenye simu, mdogo wangu, havizungumzi.

Mtu wa kwanza niliyemwonyesha video zako za mashindano alikuwa Maman Béa, yule anayenisuka kule Saint-Josse. Aliacha kichwa changu nusu.

"Huyu ni ndugu yako? Anapandaka ngombe? Ku Amerika kwenyewe? Bon, na masomo alisomaka ni ya nini?"

Saluni nzima ikacheka. Nami kwa majivuno nikawaeleza kwamba huu ni mwaka wako wa kwanza kwenye rodeo ya kulipwa, na kati ya wageni wote wa mwaka huu jina lako ndilo liko juu, juu ya vijana waliojifunza kupanda kabla ya kutembea. Nikawaambia lango linavyofunguliwa, mkono mmoja kwenye kamba, mwingine hewani, na ukikaa sekunde nane mgongoni mwa fahali umefaulu.

"Huit secondes tu?" akasema Maman Béa. "Na mimi mwenye kuvumiliaka bwana yangu tangu miaka makumi mbili, medali yangu iko wapi?"

Ungekuwepo ungelia kwa kicheko. Nilicheka nao. Ila kwenye metro, nikirudi nyumbani, nilianza kutazama kile kinachokuja baada ya zile sekunde nane.

Wenzako wakianguka wanatimua mbio, wanarukia uzio kama paka waliomwagiwa maji. Wewe unasimama. Unainua mkono, unapiga mluzi mrefu na mmoja mfupi, na fahali anasita. Watu wanapagawa, mtangazaji anapaza sauti. Hakuna hata mmoja uwanjani anayejua kwamba huo ni mluzi wa baba wa kuitia ng'ombe.

Unakumbuka Bihogo? Yule fahali mwekundu wa baba, kule kwetu Masisi, aliyekuwa akichukia ndoo za maziwa sijui kwa nini. Asubuhi ile alikujia wewe, ndoo yako mkononi, nami nikapiga yowe. Baba hata hakuinuka. Alisema tu, "Usikimbie. Ngombe anafwataka mwenye kukimbia. Muite jina." Ukasimama macho umefumba, suruali imelowa, ukamwita kwa sauti ya kifaranga. Bihogo akasimama. Akanusa kichwa chako akaenda zake. Kwa muda mrefu baada ya hapo ulikuwa hukaliki, kila mgeni lazima asimuliwe. Ile suruali hukuitaja kamwe, nami nikakusitiri.

Lakini Bihogo alizaliwa mikononi mwetu, Baraka. Alijua jina lake na sauti ya nyumba yetu. Hawa wa huko wanalishwa ili wawe wakali. Yule wa juzi ulimpigia mluzi na hakusita. Niliona alivyokuinua kwa pembe, nikaona ulivyokaa chini muda mrefu ukishika mbavu. Ukaniandikia mimi dada yako mkubwa, "Ni kidogo, Yaya." Halafu ukaniomba nikuombee, maana fainali imekaribia na watu wanakuja kumwona yule asiyekimbia.

Kazini kwangu, kwenye nyumba ya kutunzia wazee kule Ganshoren, yuko padri mzee aliyeishi kwetu Kivu miaka yake ya nguvu. Ndiye peke yake humo ninayeongea naye Kiswahili, nikimlisha supu yake. Nilimwonyesha video hiyo. Akaitazama, akanirudishia simu.

"Juu ya nini hakimbie?"

Nilimjibu, "Mon père, baba yetu alitufundisha." Ndivyo na wewe ulivyomjibu mwandishi wa habari mmoja kwenye video nyingine, ukicheka, umeshika kofia. Nikaendelea kumlisha, na kijiko nikakipeleka pembeni ya mdomo, supu ikamwagika kwenye shuka, kwa sababu nilijua kwamba mimi na wewe tumesema uongo. Tumesema nusu ya maneno ya baba.

Nusu nyingine aliisema siku wale watu wenye bunduki walipotokea mgongoni mwa kilima. Alikuwa ndani ya zizi. Alituangalia sote wawili akasema, "Kimbieni. Musigeuke." Tukakimbia. Yeye akabaki na ng'ombe wake. Nilikuwa nakuvuta mkono na wewe unageuka, unageuka, mpaka shingo ikakuuma usiku kucha. Kwenye kambi ya wakimbizi uliniambia mara moja tu, "Yaya, tulikimbia," ukageukia ukuta wa turubai. Kisha wewe ukachukuliwa Texas na familia ya tonton, mjomba wetu, mimi nikaletwa huku, na neno hilo hatukulizungumza tena.

Nakujua. Kila ukianguka unasimama mahali pa baba. Nami nikikuona pale naona aibu ya kuwa hai, kama wewe. Lakini baba hakutufukuza kwa hasira. Alitupenda, basi. Neno lake la mwisho si "simama", na duniani tumebaki wawili tu tuliolisikia. Ukisahau wewe, nitabaki nalo peke yangu, na nimechoka kuwa peke yangu.

Nitakuombea, ndiyo. Panda, ukae sekunde zako nane, wakupigie makofi mpaka viganja viwaume. Ukiwa mgongoni sina neno. Ukianguka, kimbia. Wacha kofia. Watazamaji wakizomea, wazomee. Kuhusu fulana, wachore nyingine, mtu akiwa juu ya uzio na matako hewani, hiyo nitaivaa hadi kanisani.

Ukishafika kwenye uzio, nipigie. Saa yoyote itakayokuwa huku, nitapokea.

Ni mimi,
Yaya yako, uliyekimbia naye