Hitilafu Arobaini na Moja za Chilangala

Jumapili, 6 Julai
Bila mimi wilaya nzima ya Newala ingekufa kwa kiu. Naandika hapa ambapo hakuna wa kunibishia. Programu ya Zamu wanasema ni ya mpwa wangu Fadhila. Aliiandika yeye, sawa. Lakini nani alimlea baada ya mama yake, dada yangu, kufariki? Nani alimwambia, "Mwanangu, laiti simu ingetuambia maji yametoka, tusingeshinda bombani"? Mimi.

Aliye karibu na bomba anatuma neno moja, simu za kijiji kizima zinalia. Bila malipo. Maandishi yake ya ndani yako wazi, mwenye akili yeyote anaruhusiwa kuyasoma na kuyarekebisha. Ila mmoja tu ndiye anayeamua marekebisho yapi yaingie. Huyo ni Fadhila, yuko Mwanza. Mimi ni mkuu wa hitilafu. Nimeripoti arobaini, hakuna aliyenifikia. Nikiripoti, Jumapili ananipigia.

Leo kapiga. Nilikuwa napepeta mbaazi. Anaacha. Ana mapacha, ana kazi mpya. Tuchague kiongozi mwingine, tarehe kumi na tisa.

Nimemwaga mbaazi zote.

Jumanne, 8 Julai
Nagombea. Darasa la tano la zamani ni sawa na chuo cha sasa. Mtu aliyepandisha pipa la maji mgongoni kutoka bonde la Ruvuma, chui akampisha njia, atashindwa programu? (Pipa lilikuwa nusu. Chui alikuwepo.)

Kiongozi mpya itabidi amuulize Fadhila mambo mengi. Miezi. Labda miaka. Hilo sijamwambia mtu.

Alhamisi, 10 Julai
Siku mbaya. Zamu imetangaza maji hapa Chilangala, bomba kavu. Wanawake wamejaa uani kwangu na ndoo tupu. Bibi Somoe, anayelinda bomba, mbele yao: "Si wewe mkuu wa hitilafu? Haya, hii hapa, ikamate."

Nikaripoti mbio. Ya arobaini na moja. Nikakaa na simu mpaka kiganja kikatoa jasho. Ikaita. Si Fadhila. Ni Mama Neema, muuguzi anayeishi Ndanda, ambaye akitoka kazini hurekebisha Zamu. Adhuhuri haijafika kaimaliza. Sauti nzuri, adabu nzuri.

Nimemchukia.

Jumatano, 16 Julai
Mama Neema naye anagombea. Kapiga leo. Shikamoo mjomba, marahaba. Anazipitia hitilafu zangu zote, moja baada ya nyingine. Amejaribu kila njia, hazitokei kwake. Nikasema simu yangu ya kizamani, ina mambo yake. Akajibu, "Sawa, mjomba."

Ile sawa sikuipenda. Chai imenishinda, na mhogo pia. Akiyasema mkutanoni Fadhila akisikia, nahama. Nitaenda Tandahimba. Hapana, Tandahimba nako wananijua.

Jumamosi, 19 Julai
Newala mjini, darasani, watu tisa. Kila mmoja ana kazi ya mkono wake ndani ya Zamu. Nilivaa koti. Fadhila alionekana kwa video kutoka Mwanza, kwenye kompyuta ya mwalimu, juu ya meza. Amekonda. Akisikiliza anainamisha shingo upande, vilevile kama mama yake. Nikasahau nusu ya hotuba.

Nusu iliyobaki nikaitoa. Kwetu Wamakonde mtoto ni wa upande wa mama, na upande wa mama una mjomba. Kiti cha mpwa hakiendi kwa mgeni mjomba akiwa hai. Nikaketi kungoja makofi.

Bibi Somoe akasimama. "Baba Shaibu, urithi hutoka kwa mjomba ukaenda kwa mpwa. Wewe unaugeuza? Maji yakishapandishwa huku juu, nani anayarudisha bondeni?" Darasa zima likacheka. Mwalimu alipiga meza. Hata Fadhila. Sikuumia sana, kwa kuwa alicheka.

Mama Neema akaongea kidogo. Kila bomba liwe na watu wawili, na funguo za Zamu zisikae kwa mtu mmoja, asije akachoka akaondoka nazo. Hitilafu zangu hakuzigusa. Karatasi yenye orodha alikuwa nayo, niliiona. Aliikunja akaikalia.

Kisha Fadhila. "Mjomba, mimi nimechoka. Kila Jumapili naamka alfajiri kutafuta hitilafu ya Chilangala kabla sijakupigia. Siioni. Narudia, siioni. Nilikuwa naogopa, nasema watu wanakosa maji nyumbani kwa sababu yangu."

Kura zilikuwa za mikono. Wangu ulinyanyuka wa kwanza. Nilimpa Mama Neema, naye akashinda. Watu wakasema nina moyo mkubwa. Nikawaacha waseme.

Jumapili, 20 Julai
Simu haikulia.

Jumapili, 27 Julai
Haikulia tena. Mbaazi zimekwisha. Maji yalitoka asubuhi na Zamu ikasema yametoka. Inafanya kazi vizuri mno siku hizi. Hakuna la kuripoti.

Saa kumi nikapiga mimi. Sijawahi. Mjomba hupigiwa. Fadhila akapokea kwa hofu: "Mjomba, kimeharibika nini?" Nikasema hakuna. Nyuma yake mtoto analia. Nikauliza ni yupi. Akasema wote wawili, akacheka. Tukakaa hivyohivyo, nawasikiliza wanavyolia, mpaka salio likaisha.

Sikumwambia. Naandika hapa, basi. Nilikuwa nazima data kwenye simu yangu, naripoti Zamu imekufa, kisha nangoja Jumapili.

Hitilafu arobaini na moja. Za kweli ni tatu. Na ya tatu sina hakika nayo.