Dashibodi ya Bwana Hashil Iko Jikoni

Baba Sesilia,

Dashibodi ya gari la Bwana Hashil usiitafute gereji. Iko jikoni, imefunikwa bati lenye makaa juu. Usiifunue mpaka ipoe.

Wiki nzima umeipaka rangi na kuianika juani upate ile mikunjo midogo ya rangi iliyotoka nayo kiwandani, nayo inatoka laini kama sahani. Asubuhi nikakuonyesha mfuniko wangu wa sufuria uliouchafua kwa rangi hiyohiyo. Nilipopalia wali makaa juu yake jana, rangi ilijikunja yenyewe. Ukaniambia, mbele ya Bwana Hashil, nirudi jikoni nikapike.

Basi nimepika. Nimepaka rangi nzito, nikaweka moto chini na juu, kama wali. Nimechungulia mara moja tu. Imejikunja kote, hata kuzunguka tundu la saa ya spidi.

Nimekwenda kupanga foleni ya mchele duka la ushirika. Chakula chako ~~hakipo~~ kimo kabatini, mihogo ya jana. Wali umekosa jiko. Dirisha liache wazi, harufu ni kali.

Bwana Hashil anakuja saa tisa. Akiuliza fundi ni nani, mwambie ulimrudisha jikoni wewe mwenyewe.

Mama Sesilia