Gari Tuliloliita Bubu

Jumatatu, 3 Machi

Limefika! Gari langu. Acha nilirudie: langu. La umeme, mkono wa pili, rangi ya maziwa, mlango mmoja umekwaruzwa. Daktari wa kliniki yetu kahama, kaniachia kwa bei ya kuelewana. Kwaheri pikipiki, kwaheri kupakata mkoba wa ukunga kwenye mvua nikienda kuwaona wazazi wangu, hawa waliojifungua, na vichanga vyao.

Kabla ya kukubali nilidai kuoneshwa afya ya betri. Daktari alikuwa ananionesha viti. Viti havinifikishi popote, nikamwambia, nioneshe betri bado ina nguvu kiasi gani. Akacheka, akanionesha kwenye kioo cha dashibodi. Ni nzima.

Mume wangu amelizunguka weee! Fundi magari tangu kabla hajanioa, gereji yake iko hapa hapa uani, na leo hajui aanzie wapi. Kafungua boneti, kafunga. Kafungua tena. "Injini wameificha wapi hawa?" Akainama akatega sikio, kama kawaida yake. Ndiyo sifa yake mjini, kwamba haguswi na maelezo ya mtu, anasikiliza gari tu halafu anakwambia linaumwa wapi. Akangoja. "Washa basi!" Nimeshawasha, baba! Akacheka mpaka akashika kiuno. "Hili ni bubu," akasema.

Basi jina limepatikana.

Jumatano, 5 Machi

Fundi umeme kaja kufunga soketi ya Bubu, ukuta wa gereji. Mwanamke mdogo wa umbo, sauti nyembamba, anaongea kama cherehani. Mume wangu alikuwa ameshaandaa waya wake wa kuungaunga. Kakatazwa katakata. "Mtaunguza nyumba, baba yangu!" Umevutwa waya mnene wa peke yake kutoka kwenye swichi kubwa, na wa kwenda ardhini, na breka yake ya kukata umeme. Sawa kabisa. Gari linanyonya umeme usiku kucha, si taa hili.

Nilikuwa jikoni, nikayasikia maagizo yake dirishani. Siku za kawaida lichajiwe mpaka themanini kwa mia, latosha. Mia ni kwa safari ndefu tu. Lisiachwe juani likiwa limejaa. Lisiachwe likauke. Mume wangu anaitikia tu: ndiyo, naam, ndiyo mama. Heshima tele!

Alipoondoka akaniambia kuchaji nimwachie yeye, mimi nina wazazi wangu. Jamani. Huyu si ndiye aliyesema gari lisilonuka mafuta si gari?

Jumapili, 9 Machi

Anataka kunipeleka kila mahali. Gereji inafunguliwa nikishafika kazini, wateja wanamngoja getini. Ukimuuliza, eti analisoma gari. Haya, asome.

Leo kagundua kwamba ukiondoa mguu kwenye mafuta, Bubu linajivuta lenyewe na kurudisha umeme kwenye betri, kwa hiyo breki hazichoki upesi. Anafurahia huyo! Nikamuuliza, mafuta yapi? Tumecheka njia nzima. Bado tunasema kanyaga mafuta, ongeza mafuta, na mafuta hamna.

Na amekuwa mwongeaji. Kwenye ile pikapu yake miaka yote ni "ee" na "mm". Humu ananiuliza habari za mapacha wa juzi, nani kanyonya, nani kagoma, baba yao kasemaje. Sijui kapatwa na nini. Nimependa.

Jumanne, 11 Machi

Nimekwama!! Nina hasira!

Asubuhi alikuwa na mteja wa mapema, nikaondoka mwenyewe. Nikamuuliza, umechaji? Kanyoosha dole gumba, sawasawa. Nami kwa haraka sikutazama kioo. Nilikuwa nakwenda mbali, kwa mzazi wa siku tatu, kanipigia analia: mtoto ana joto, hanyonyi. Napandisha kile kilima kirefu, Bubu likaanza kupunguza mwendo lenyewe. Taa nyekundu. Likajikokota hadi pembeni, likatulia. Nimesimama barabarani na mkoba, nasimamisha kila chenye magurudumu. Mwenye lori la mchanga ndiye kanichukua, Mungu ambariki. Mtoto tumemkimbiza kliniki. Sasa hivi ananyonya, ashukuriwe Mungu. Lakini tungechelewa zaidi? Sitaki kuwaza.

Bubu limerudi limebebwa juu ya gari la kubebea. Kulivuta kwa kamba haifai, magurudumu yakizunguka yanaiumiza mota. Hilo nalijua sasa.

Nikamvaa mume wangu pale pale gerejini. Umelichaji mpaka wapi? "Thelathini. Kama alivyosema fundi." Thelathini! Alisema themanini! "Mimi nimesikia thelathini." Nimesikia mwenyewe jikoni, na wewe ulisimama naye uso kwa uso! Akabisha. Nikamwambia unalionea wivu gari langu, na wewe ni kichwa ngumu, na mtoto wa watu angekufa kwa ajili ya kichwa chako.

Chakula hakugusa.

Jumamosi, 15 Machi

Naandika kwa shida.

Binti yetu kamleta mtoto wake ashinde nasi. Ana miaka minne na hashikiki. Babu yake akawa analirudisha Bubu kinyumenyume kivulini, maana jua lilikuwa kali. Nimemkamata mtoto mkono, nimesimama naye mlangoni. Gari linapiga ile sauti yake ya kurudi nyuma, tii, tii, tii, nyembamba. Mtoto akaanza kuliiga. Babu katoka nje, kamuuliza unaimba nini mjukuu wangu? Naimba wimbo wa Bubu! "Bubu halisemi, ndiyo maana likaitwa Bubu." Linasema, babu! Linalia kama kifaranga! Akacheka, akampapasa kichwa, akanitazama kunionesha watoto wa siku hizi walivyo na maneno.

Nilikaa kwenye ngazi.

Linalia, na kwa nguvu. Jirani yetu alishalalamika. Yeye ndiye aliyekuwa ndani yake na hakusikia!

Nikaanza kukumbuka. Birika likipiga mluzi ni mimi ninayekimbilia. Simu yake siku hizi inatetemeka tu mfukoni, eti kelele zinamchosha. Na yule fundi umeme na kisauti chake kile. Themanini, thelathini. Hakuwa mkaidi. Hakusikia. Alikuwa anaitikia tu, naam, ndiyo mama, kama anavyoniitikia mimi.

Na mimi nimemwita kichwa ngumu. Mume wangu mimi! Miaka yote hiyo ya nyundo na grainda na mabomba ya moshi yaliyotoboka, masikio yangekuwa ya chuma?

Nimempikia anachokipenda. Kala. Kauliza kuna nini leo. Nikasema hamna.

Jumatano, 19 Machi

Leo karibu nimpasulie ukweli. Mbele ya mtu!

Muuza maziwa kaleta kigari chake, kile anachotelemka nacho mlimani kila alfajiri na madebe nyuma. Anasema breki zinalia. Mume wangu kakiendesha, kazunguka mtaa, karudi. "Hazilii." Zinalia, fundi, mpaka mbwa wanageuka! "Ni vumbi tu. Breki nazisikia mimi, si wewe." Na mimi nipo jikoni, nimezisikia tangu anakata kona, mlio mkali wa kutia meno ganzi.

Nifanyeje? Nimwaibishe mbele ya mteja? Ninyamaze, yule baba kesho ashuke mlima? Nikatoka na mikono yangu ya unga. Nikasema, baba watoto, nivulie gurudumu hilo nione breki za magari ya mafuta zikoje. Nawe kila siku unaniambia za Bubu zinadumu zaidi, mimi nitajuaje na sijawahi kuona zilizochakaa?

Kanitazama. Anapenda kufundisha, hilo nalijua. Kalivua.

Hakuna kitu. Zimeliwa zote, chuma kinasaga chuma. Kakishika kipande cha breki mkononi, kakigeuza, kakigeuza tena. Muuza maziwa akasema si nilikwambia? Mume wangu akasema, "Ulisema." Basi, hilo tu. Kamfungia mpya, kamsindikiza hadi barabarani, kamshika mkono muda mrefu kuliko kawaida.

Nilitaka kwenda kumkumbatia. Nikaenda kukanda unga.

Alhamisi, 20 Machi

Daktari wa masikio huwa anakuja kliniki kwetu Jumatano. Nimeandikisha jina la mume wangu. Yeye sijamwambia. Kwa wazazi nina maneno mpaka mengine nayabakiza. Kwa huyu naishia kumwongezea chai.

Nitamwambia nini? Kwamba wewe unayesifiwa kwa kusikiliza, husikii? Akiamini, atafunga gereji. Asipoamini, ipo siku mtu atakufa na breki alizozipitisha yeye. Hapo katikati sijaona njia.

Nimejaza upepo kwenye tairi za Bubu. Gari zito kwa sababu ya betri, upepo ukipungua kidogo tu tairi zinakwisha pembeni. Angalau hili naliweza.

Jumapili, 23 Machi

Vituko! Bubu limekufa. Jana lilikuwa themanini kamili, leo hata mlango haufunguki. Nimelia kabisa, sioni haya kuandika. Nilijua ndiyo basi, betri kubwa imeondoka na akiba yetu.

Mume wangu kaja na soksi moja. Kafungua mlango kwa ule ufunguo mdogo uliofichwa ndani ya rimoti. Kaingia, katazama, katoka. Kafungua boneti, kachungulia, mara kicheko! "Mama, njoo. Njoo umwone mjomba wangu, huyu namjua." Kumbe ndani mna betri nyingine, ndogo, ya kawaida, kama ya gari lolote, ya kuwashia taa na kufungulia milango. Ikiisha hiyo, kubwa ijae isijae, gari haliamki. Kaliunganishia waya, likaamka. Kesho anaibadilisha, ilikuwa imezeeka.

Alivyofurahi! Kanywa chai amesimama, anaeleza kila anayepita nje. Gari la kompyuta, na limemhitaji yeye! Kwa siku kadhaa hakuwa amecheka.

Leo ningemwambiaje? Sikumwambia. Jumatano ndiyo hiyo inakuja.

Jumatano, 26 Machi

Naandika nikiwa garini. Tumeegesha kwenye kituo cha kuchajia, ng'ambo ya kliniki. Anatazama mlango wa kliniki.

Nilijipanga tangu naamka. Kachomeka waya, karudi ndani, kafunga mlango. Nikaanza: baba watoto, leo kuna daktari wa masikio pale, mimi nime...

"Najua," akasema.

Umejuaje? Jana kliniki wamemtumia ujumbe wa kumkumbusha, kwenye simu yake. Mimi mjinga! Niliwapa namba yake. Alikaa nao usiku kucha na hakuniuliza.

Lakini si hilo tu analolijua. Anajua siku nyingi. Kaniambia bila kunitazama, mikono kwenye usukani. Kwamba milio membamba ilianza kupotea kidogo kidogo, akajiambia magari ya siku hizi yametulia. Kwamba kwenye kelele maneno ya watu yanachanganyika, anayeongea anamwona mdomo tu. Kwamba kwenye pikapu, injini ikishawaka, sauti yangu inazama kabisa. "Nakuona unaongea. Naitikia. Ee. Ndiyo. Nikiona umecheka nami nacheka."

Nikamgeukia.

"Humu nakusikia," akasema. "Neno kwa neno. Unafikiri nalisoma gari? Nakusikia wewe. Nilikuwa sijakusikia vizuri njiani sijui tangu lini."

Nikalia. Nikamwambia unisamehe kwa ile siku ya kilimani. Kasema nilikuwa na haki, mtoto angekufa. Tangu zile breki za muuza maziwa hajalala vizuri hata siku moja. Ana hofu, kasema wazi, na mume wangu huwa hasemi: fundi asiyesikia, nani atampa funguo? Nikasema sijui. Ni kweli sijui. Nikasema kuna vifaa vya masikio, kuna kumweka mtu wa kumsikilizia magari, tuingie kwanza tumsikie daktari. Nikashika kitasa.

Kanishika mkono. "Ngoja. Kwanza niambie kitu."

Kitu gani?

"Siku ile tunarudi kumzika mama yako. Kwenye pikapu. Uliongea njia nzima. Unalia, unaongea. Mimi niliitikia tu. Ulikuwa unasemaje?"

Nimemwambia anipe dakika, nimechukua kalamu maana mikono haikuwa na kazi. Kule kwenye dirisha la kliniki wameanza kuita majina. Kazima feni ya gari. Kanigeuzia sikio la kushoto, lile lililo bora, na anangoja.