Mto Berezina Unapita Burungu

Kitshanga, 6 Februari 2021

Papa Myriam mupenzi,

Nakusalimia sana. Hapa kambini tuko wazima. Kikohozi cha Myriam kimeisha, sasa anatembea akishika kamba za hema. Na wewe huko Mubi, kubeba mizigo hakukuumizi mugongo?

Ile karte uliyoniomba, ramani ya vita ya Napoléon, nimeitafuta. Shuleni iko ya dunia tu, Ulaya yote inaenea chini ya kiganja changu. Nikaenda paroisse, kwa vitabu vya padri muzee aliyekufundisha ule muchezo. Mama Mukasine anayetunza vitabu akaniuliza, "Wewe Uwamariya, unataka kupigana na nani?" Nikamuambia ni bwana yangu: anafinyanga askari wa udongo, anawapanga mezani, anapima mwendo wao na uzi, anatupa kete kujua nani ameanguka. Akacheka mpaka akakaa chini.

Iko karte moja ya kweli: mto Berezina, madaraja mawili, matope, vilima vyote. Kitabu hakitoki mule. Nitaichora kwa mukono.

Lakini ulisema Noeli utakuja. Noeli ilipita.

Mama Myriam

Mubi, 21 Februari

Mama Myriam wangu,

Mugongo uko, usiogope. Mvua tu njo inatusumbua. Wewe unakula vizuri? Jioni wengine wanaenda kunywa, mimi na Noël ninayelala naye chumba kimoja tunacheza. Bila karte tunagombana: yeye anapitisha mto huku, mimi kule. Uandike kila kilima na kila njia. Napoléon anataka kurudi kwao, mto umemuzuia, adui iko nyuma. Nataka kuona kama alikuwa na njia ingine.

Noeli nilipata haya kurudi mikono mitupu. Myriam anasema neno gani sasa?

Papa Myriam

Kitshanga, 14 Marsi

Papa Myriam,

Amani kwako. Sisi tunapumua vizuri.

Karte hii inakuja na Samy wa moto, ile pikipiki yake ya kubeba watu. Usinikasirikie: majina ya kule yalinishinda, nikaweka ya kwetu. Kilima kikubwa ni Burungu. Njia ya kushoto ni ile ya shamba letu la maharagi. Pale Napoléon alilala, nimeandika nyumba yetu, ile tuliyoikimbia. Askari ni vile visanduku vyekundu. Ukicheza utapita nyumbani kila jioni.

Myriam anasema "papa". Anamuambia kila mwanaume anayepita.

Mama Myriam

Kitshanga, 2 Mei

Papa Myriam,

Uko muzima? Hukunijibu, nilidhani umekasirika. Leo dada ya Samy amekuja analia: Samy amefungwa kwenye bariere, pale askari wanasimamisha watu njiani. Walikuta karte, Burungu, madaraja, askari wekundu. Wanasema ni mupelelezi. Ni mukono wangu ulioandika! Mimi mwenye mutoto mugongoni hawatanisikiliza. Tafazali, wewe unajua kueleza ule muchezo.

Mama Myriam

Bariereni, 11 Mei

Mama Myriam,

Futa machozi kwanza, Samy ametoka. Nilikuja na askari wangu wa udongo katika sufuria. Komanda akaniuliza, "Huyu Napoléon ni wa kundi gani?" Nikasema, "Chef, alikufa zamani, ni wa kwa wazungu." "Na anatafuta nini Burungu?" Nikamuambia, "Bibi yangu njo amemupeleka kule. Anataka nirudi." Wote wakacheka. Nikapanga askari kwenye karte. Komanda akachukua Napoléon, akatupa kete, akavuka mto. Alifurahi kama mutoto! Amebaki na karte, na jeshi lote.

Siko na kitu cha kucheza tena Mubi. Nimetazama njia mbili, nikachagua ya kwako. Mikono ni mitupu, utaniona hivyo. Kwenye moto Samy amebeba mama mugonjwa, mimi nakuja na miguu. Askari mumoja nilimuficha mufukoni: ni wa Myriam, Samy anamuleta na barua hii.

Papa Myriam

Kitshanga, 23 Mei

Papa Myriam,

Habari ya njia? Viatu vingali vinakushika miguu? Samy alifika zamani, analeta salamu zako kila akipita. Wanaotoka upande ule ninawauliza wote. Wanasema mvua imevunja daraja, watu wanazunguka mbali.

Barua hii sijui niitume wapi. Mubi umetoka, hapa hujafika. Ninaiweka chini ya sahani yako.

Myriam halali bila yule askari. Anamuita "papa". Ninamuambia hapana, mama, huyu ametangulia tu. Mwenyewe iko anazunguka mto.

Mama Myriam