Bushi Nilizokereza Kavu

Baba mpendwa,

Nimejichukia vya kutosha, leo wacha niseme. Hata wale waliokuita fundi wa kubabaisha wasome.

Unakumbuka zile bushi nyeusi za pampu ya mkono, vile vipete ambamo shafti huzungukia, nailoni iliyochanganywa na nyuzi za kioo? Miaka hiyo ya tisini, karakana yetu hapa Kitengela ilikuwa kavu mpaka midomo inapasuka. Ulikuwa unaziloweka kwenye ndoo siku nne, vile mtu huloweka maharagwe, ndipo uzipime na kuzikereza. "Nailoni hunywa maji ikanona," uliniambia. "Ukiipima kavu, ikishanona itabana shafti."

Wiki ile ulikuwa umeenda nyumbani Kakamega kwa matanga. Mimi, mtu mzima na akili zangu, nilikuwa na haraka ya harusi ya rafiki yangu. Nikazikereza kavu hivyo hivyo. Uliporudi ukauliza, "Uliziloweka?" Nikajibu, "Siku nne, baba." Nilikutazama machoni nikisema hivyo. Shenzi mimi.

Tulizifunga kwenye pampu ya akina mama kule karibu na Kajiado, zikateleza vizuri, wakatuimbia. Lakini pampu hurukiwa na maji kutwa. Wiki mbili tu zikafura, mpini ukawa mzito, wakawa wanauvuta wawili wawili, bushi zikasagika na shafti ikakwaruzika vibaya. Tulipoitwa, tulimkuta mwenyekiti wao, Mama Naserian, akichota maji ya bwawa, ya kijani, ng'ombe wakikojoa hatua tatu kutoka kwake. Akamnywesha mtoto hayo hayo. Kinyaa kilinishika, na bado nikanyamaza.

Ukavua kofia. "Makosa ni yangu, mama. Nisameheni." Hawakukuita tena. Njiani ulijitazama mikono, ukasema, "Nimezeeka. Siku hizi sijui hata kupima." Mwezi huo ukauza mashine ya kukereza. Ulikaa mlangoni miaka saba bila kazi, mpaka tukakuzika, na mimi nilikuwa nakuletea chai kila jioni, na huu mdomo wangu uliokudanganya haukusema. Naona hata kinyaa kuutumia kuomba msamaha.

Jana nilienda kwa Mama Naserian, nikamwambia yote. Alinisikiza mpaka mwisho, halafu akauliza, "Na yeye, ulimwambia?"

Sikukwambia, baba. Mikono yako haikuwa na kosa. Ulikuwa unajua kupima mpaka siku uliyokufa.

Pumzika. Mimi usinisamehe upesi.

Kifungua mimba wako