Ngozi Inayokubali Sindano

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Tangu tukuzike kule juu kwenye migomba, huwa nakuamkia kimoyomoyo kila nikipita Maji ya Chai, pale kibanda chako cha cherehani kilipogeuka kuwa cha kukaangia chipsi. Leo nakuamkia hadharani, kwa sababu nina habari njema na siwezi kuinyamazia.

Unalikumbuka gauni langu la kipaimara? Wewe uliyewakaripia vijana wako wote waloweke kitambaa cha pamba kabla ya kukikata, ili kinywee kwanza, siku hiyo ulibanwa na oda ukakikata kikavu. Mama akalifua gauni, likarudi juu. Jumapili nikaingia kanisani mikono ya gauni imeishia karibu na viwiko. Mama alinuna ibada nzima. Wewe ulicheka mpaka mchungaji akakutazama. Tulipotoka nje ukaniambia, "Mama, kitambaa kisipotulia usikikate. Kitakuaibisha mbele za watu." Nilikuwa nimeshaaibika tayari, lakini nani angeweza kukukasirikia wewe?

Kisha ikaja ile siku ya pasi. Umeme ulikatika, ukarudia pasi ya mkaa, nayo ikateleza mezani. Ukaidaka kwa kiganja cha kulia, maana chini yake palikuwa na suti ya bwana harusi. Suti ilipona. Kidonda nacho kilifunga, ila ngozi mpya ilijikunja ikavuta vidole kuelekea kiganjani, vikakataa kushika sindano. Cherehani tukalifunika shuka. Ukaanza kuwasalimia watu kwa kuwapa kifundo cha mkono, kama mtu aliyetoka shambani na udongo mikononi, na wageni waliamini. Nilikasirika sana, baba. Sikukasirika na wewe, nilikasirika na ile ngozi.

Hasira hiyo ndiyo iliyonipeleka maabara. Ngoja nikueleze kama ulivyopenda kuelezwa, bila mbwembwe. Kazi yangu ni kutengeneza viraka vya ngozi. Tunachukua kolajeni, ile protini inayoipa ngozi uimara, tunaitoa kwenye kano za ng'ombe. Tunaichanganya ikiwa majimaji na seli hai za ngozi ya mtu, tunamimina kwenye kisahani, inaganda na kuwa jeli kama maziwa mgando. Seli zinaishi humo ndani. Shida ni kwamba jeli hiyo haina nguvu hata kidogo: ukiinyanyua inachanika. Halafu seli zenyewe hazitulii, zinavuta nyuzi za kolajeni kila upande. Mara ya kwanza niliacha kiraka kikiwa kimejaa kisahani, nikakikuta kimebaki kama kifungo cha koti. Nilikaa chini nikalia. Seli zilikuwa zinafanya kisahanini jambo lile lile zililokufanyia wewe kiganjani.

Mwenzangu Eliakimu alishauri tutumie dawa kali ya kukaza nyuzi. Jeli ikakaza kweli, lakini seli zote zikafa. Akasema basi tumeshapata ngozi ya viatu, tukafungue duka karibu na stendi. Tulicheka, tukatupa, tukaanza upya.

Safari hii niliilaza jeli kati ya wavu wa nailoni na karatasi ya kunyonya maji, nikaweka uzito juu, nikaikamua taratibu. Maji yakatoka, nyuzi zikasongamana, ikabaki utando mwembamba wenye seli zilizo hai. Nikaubana kingo zote kwenye fremu, ili seli zikivuta zinyooshe nyuzi badala ya kuukunja utando. Nikaurudisha kwenye kabati lenye joto la mwili, na mkasi sikuugusa mpaka utando ulipotulia. Ndiyo, nilikukumbuka, lakini usijivune sana. Mbinu hizi hazikuanza na mimi. Kuzipatanisha bila kuua seli ndiko kulikonitoa jasho.

Mtihani wenyewe ulikuwa kwa daktari mmoja wa upasuaji, mama wa makamo anayetibu watoto walioungua. Alishatuambia wazi kwamba hapokei kitu kisichoshoneka, na bila yeye kazi yetu ingeishia kwenye visahani. Wiki iliyopita alikuja. Eliakimu alikuwa amenunua nyama ya mbuzi kwenye bucha la Sekei, ninakoishi, na daktari akautandaza utando juu yake. Akachoma sindano, akapitisha uzi, akavuta. Akavuta tena, kwa nguvu zaidi, kama ulivyokuwa ukijaribu mshono wa suruali.

Uzi ulishika, baba. Utando haukuchanika.

Yule mama hakusifu wala hakutabasamu. Alikata uzi, akavua glovu, akaniambia, "Nitengenezee kingine. Kikubwa, cha kutosha kiganja."

Sikumweleza habari zako, nisingeweza kuzimaliza. Nilisema tu sawa, daktari.

Bado hatujamwekea mtu yeyote. Kuna majaribio mengine mbele, na vibali, na watu wa kuuliza maswali magumu, na ni haki yao kuuliza. Lakini maji nimeshayavulia nguo, na kwa mara ya kwanza sina shaka kwamba nitaoga. Kinachoniuma ni kwamba kwako nimechelewa. Hilo siwezi kulishona, nalibeba tu. Ila mtoto atakayemwagikiwa uji wa moto huku kwetu, kesho au keshokutwa, huyo sitamchelewea.

Asubuhi hii nimechora kipimo cha fremu mpya. Eliakimu alisema nichore kiganja chochote cha mtu mzima. Nimechora chako, vidole vyote vimenyooka.

Pumzika, baba. Mimi narudi kazini.

Binti yako wa kwanza